Mama Daftari na Barua Zilizojifungia

Mama Kasuku alifika karakanani saa mbili kasorobo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Wa mgongoni alikuwa na miaka sita, umri ambao mtu hubebwa akiwa anaumwa tu, na njia nzima watu walikuwa wakimtazama mama kwa jicho la kusema huyu naye anadekeza. Hakuwa na haja ya kumweleza kila mpita njia. Binti yake alizaliwa bila mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Mguu wa bandia aliopewa akiwa na miaka minne ulikuwa umeshakuwa mfupi, kwa sababu mtoto alikua na mguu ukabaki pale pale. Akiuvaa anapepesuka na mkanda unamchubua mpaka damu. Kwa hiyo mguu ulikaa ndani ya mfuko, na mama ndiye aliyekuwa miguu.

Tumbo lilikuwa la miezi mitano. Mkunga alishamwambia, tena kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia, kwamba mwisho wa kubeba mgongoni ni mwezi ujao.

Mtoto aliitwa Kasuku, jina la utani lililomshika tangu alipojua kusema, maana tangu siku hiyo hakunyamaza. Waliposhuka ngazi mbili za ofisi alikuwa ameshaisalimia miguu yote iliyopangwa kwenye rafu, mirefu na mifupi, na kuuliza kwa nini ule wa mwisho hauna kidole gumba.

Karakana ilikuwa nyumba ndefu ya bati. Nyuma walichonga na kupiga msasa, mbele palikuwa na ofisi ya meza mbili, kabati, benchi la wagonjwa na kompyuta. Kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe la plasta, isipokuwa meza ya Karani. Karani alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na mezani kwake hata kalamu zilijua mahali pa kulala.

Mama Kasuku alikuja kutia sahihi tu. Mwezi uliopita alipita mpimaji, bwana anayetoka mbali na kuja mara mbili kwa mwaka, akawapima watu kumi na wawili, Kasuku akiwa mmoja wao, kisha akavituma vipimo kwa barua pepe. Kazi ya Karani ilikuwa kuvikusanya na kuvituma kwenye kiwanda kinachotengeneza vifundo na nyayo za miguu ya bandia. Kiwanda kilikuwa kinafunga orodha leo saa tisa alasiri. Atakayekosa atangoja miezi sita.

Alitia sahihi, akamrudishia Karani kalamu, na hapo ndipo alipogundua kwamba mtu huyu hakuwa sawa. Macho mekundu, kola imelegea. Karani alikishika kipanya kama mtu anayeshika kikombe cha moto, akaifungua programu ya barua pepe. Dirisha likatokea, barua zikajipanga, kidogo tu, kisha kioo kikaganda, kikafifia kama jicho la mgonjwa, na programu ikajifunga.

"Siku ya tatu hii," alisema, bila kumwangalia mama. "Nikifungua, inafunga."

Akaeleza kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyejifunga. Programu ilikuwa ya zamani, ya kukaa ndani ya kompyuta yenyewe. Barua ikishashuka humo, kule ilikotoka haibaki. Vipimo vya watu wote kumi na wawili vilikuwa humo. Mpimaji alikuwa amepigiwa simu tangu juzi, hapatikani, yuko kwenye kazi nyingine mahali pasipo na mtandao. Jamaa mmoja wa duka la kompyuta alisema kwenye simu kwamba dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, Karani akamkatia simu.

Mama Kasuku alikaa kwenye benchi. Hakuwa na ujuzi wa kompyuta. Shule yake iliishia darasa la saba, na vitu alivyovijua kwa undani vilikuwa vingine. Lakini hesabu ya miezi hakuhitaji kufundishwa. Miezi minne mtoto atazaliwa. Miezi sita ndipo orodha ifunguliwe tena. Na katikati, nani atambeba Kasuku?

Mkuu wa karakana alitoka nyuma, mtu mnene mwenye plasta mpaka kwenye nyusi, akasema ameita mtu. Karani akauliza mtu gani. Mkuu akajibu kwamba ni Mama Daftari, na kama yeye akishindwa basi wote wakalime.

Alikuja saa tatu na nusu, kwa miguu, mwanamke aliyekaribia sitini, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja. Mama Kasuku alitarajia mkoba wa vyuma na nyaya. Alichokiona ni kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai, kitambaa kilichokunjwa, kidude cha kuhifadhia nakala kisichozidi kiganja, na daftari la shule la kurasa mia, la mistari. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, Kasuku naye akapata salamu yake kamili kama mtu mzima, akajibu kamili, na akaongeza habari za mguu usio na gumba. Mama Daftari akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya meza, akakaa pembeni ya Karani na kufungua daftari. Kompyuta hakuigusa.

Habari zake Mama Kasuku alizisikia asubuhi hiyo hiyo, nyingine kwa Mkuu, nyingine kwa mwenyewe wakinywa chai. Mama Daftari alifanya kazi posta miaka ishirini na mmoja, chumba cha kuchambulia barua. Alisimama mbele ya ukuta wa vishubaka mia mbili na arobaini akirusha bahasha kila moja mahali pake, na alikuwa akisoma mwandiko ambao hata aliyeandika asingeuelewa. Kisha ikaletwa mashine ya kuchambua. Wachambuzi tisa wakaambiwa wakae nyumbani. Yeye akabakizwa wa kufagia na kuilisha mashine karatasi.

Mashine ikawa inakwama. Mafundi walikuja wakafungua, wakafunga, wakaenda zao, ikakwama tena. Hakuna aliyemuuliza mfagiaji. Lakini mfagiaji alikuwa ameshanunua daftari, na kila ilipokwama aliandika saa, hali ya hewa, na bahasha iliyokuwa mdomoni. Baada ya wiki saba alimpelekea bosi ukurasa mmoja. Mashine ilikwama siku za mvua tu, na kila mara ilikuwa imekula bahasha za ofisi moja, ambayo gundi yake ya bei rahisi ilikuwa hairudi kukauka ikishapata unyevu. Wakawaambia wale wabadilishe bahasha, na mashine ikatulia. Bosi akamshukuru kwa mdomo, ila ufagio haukubadilishwa mkono. Mwaka uliofuata aliacha kazi mwenyewe, akajiandikisha darasa la kompyuta akiwa na miaka arobaini na mitatu, katikati ya vijana waliokuwa wakimwita bibi na kumpisha kiti karibu na mlango ili asichoke. Mwisho wa mwaka ndio waliokuwa wakimwomba daftari.

"Walikuwa wanakimbilia jibu," alisema, akimimina chai kwenye kifuniko. "Mimi najua kungoja tu. Basi."

Alivyosema hivyo ungedhani ni kitu kidogo. Mama Kasuku, aliyekuwa akingoja tangu saa mbili na roho yake iko juu kama nguo kwenye kamba, alijua si kitu kidogo.

Jambo la kwanza alilofanya Mama Daftari lilimkera kila mtu. Kabla ya kujaribu chochote, alitaka kunakili faili lote la barua kwenye kile kidude chake. Kompyuta ikaonyesha kwamba kazi hiyo itachukua dakika hamsini. Mkuu akaanza kutembea. Akasema wenzake wanatengeneza, yeye ananakili. Akasema saa tisa haimngoji mtu. Akauliza kama posta nako barua zilikuwa zinafika mwaka unaofuata kwa mtindo huu. Mama Daftari akamjibu bila kugeuka kwamba akimaliza kutembea atoe vumbi alilolimwaga. Karani, ambaye hakuwa amecheka tangu juzi, alijikohoza.

"Ndani ya hili faili kuna watu," akasema Mama Daftari, safari hii akimwangalia Mama Kasuku. "Nikikosea, nataka wawe na pa kurudi."

Mama Kasuku alimvuta mtoto akamkalisha vizuri mapajani.

Saa nne na nusu nakala ikawa tayari, na kazi ikaanza. Aliifungua programu, akaangalia saa, ikajifunga, akaandika. Akaitenga na intaneti, akafungua, ikajifunga, akaandika. Akaiamsha ikiwa uchi, bila vile vinyongeza vyake vyote vya kupambia na kuprinti, ikajifunga, akaandika. Akaitia kwenye kifaa cha kurekebisha faili, kikazunguka mpaka saa sita, kikasema kimepata makosa madogo na kimeyaondoa. Wote wakasogea mezani. Ikajifunga. Mkuu alirudi nyuma akapiga kitu nyundo ambacho pengine hakikuhitaji nyundo.

Lakini Mama Kasuku alikuwa akiangalia daftari, si kioo. Aliona namba za mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Akaona Mama Daftari naye ameweka ncha ya kalamu hapo hapo, anagonga taratibu.

"Zote ziko sawa," Mama Kasuku akasema, nusu kwa nafsi yake. "Sekunde arobaini, arobaini, arobaini na moja, arobaini."

Mama Daftari aligeuka, miwani ikateleza puani. Akasema huyu mama ana macho. Kisha akamweleza, kama unavyomweleza mwenzako wa kazi, kwamba kitu kilichooza huanguka ovyo ovyo, leo dakika mbili, kesho kumi. Kinachoanguka muda ule ule kila mara hakijaoza. Kuna jambo kinalifanya, na kila mara kinafikia pale pale. Kwa hiyo swali si programu ina ugonjwa gani. Swali ni inafanya nini.

Akamgeukia Karani, akamwomba amwonyeshe anavyofanya kazi yake ya orodha, tangu anapoketi. Karani akasema haiwezekani, programu haifunguki. Mama Daftari akamwambia aonyeshe kwa mikono. Akachana karatasi moja, akaiweka mbele yake iwe kioo, na kalamu iwe kipanya.

Karani alikuwa mtu wa adabu zake, na kuigiza mbele ya wagonjwa haikuwa desturi yake. Lakini aliketi wima, akashika kalamu, akaanza. Kwanza anafungua barua. Kisha anabonyeza kujibu. Kisha anaandika orodha juu, anaweka mhuri wa picha na kichwa cha barua cha karakana, anatuma.

"Hapo mwanzo," Mama Daftari akamsimamisha. "Unafungua barua ipi?"

"Ile ile."

"Ile ipi, kaka?"

Karani akainamisha kichwa. Ile ya kwanza, akasema, ya kiwanda, ya miaka sita iliyopita. Hajawahi kuanza barua mpya tangu hapo. Kila orodha, kila swali, kila shukrani, anajibu juu ya jibu la mwisho la ile ile, na yote yaliyotangulia yanabaki chini yake, na mihuri yake, na vichwa vyake vya barua, na picha za miguu zilizowahi kutumwa.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka kicheko kikubwa cha mtu aliyefunguliwa mkanda. Akasema kumbe miaka sita wameajiri mtu wa kuandika barua moja. Akauliza kama ataiacha kwa wosia wanawe waiendeleze. Masikio ya Karani yakabadilika rangi.

Mama Daftari hakucheka. Alingoja Mkuu amalize, kisha akamuuliza Karani sababu, kwa sauti ile ile aliyouliza kila kitu.

Ndipo likatoka. Mwaka wa kwanza wa kazi, Karani alianza barua mpya kama watu wote, akaiandika anwani ya kiwanda kwa mkono wake, akakosea herufi moja. Barua ikaenda kwa asiyehusika, au haikwenda popote, hakujua. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mzee mmoja seremala. Karani aliketi akaamini imefika. Mzee akaja mara nne kuulizia mguu wake, mara ya tano akaja mwanawe kusema asihangaike tena. Tangu hapo anwani ya kiwanda hakuiandika. Alijibu tu, maana ukijibu anwani inajiandika yenyewe, na barua iliyowahi kufika mara moja alijua itafika tena.

Mkuu alitazama viatu vyake.

"Mimi nimeshaona watu wakiacha kazi kwa kosa kama hilo," Mama Daftari akasema. "Wewe umekaa ukalilinda lisirudi. Barua ngapi zimepotea ndani ya miaka hiyo sita?"

"Hakuna."

"Hakuna," akarudia, na akaandika hivyo daftarini. Mama Kasuku aliona. Hakuandika kosa la karani. Aliandika: *njia ya kazi, miaka 6, hakuna iliyopotea. Barua imezidi uzito.*

Sasa ilieleweka. Jumatatu Karani alikuwa ameanza orodha mpya juu ya ile barua, akaiacha kwenye rasimu akaenda kula. Mwili wa barua hiyo ulikuwa umeshafika ukomo. Kila programu ilipofunguliwa ilikuwa inarudi pale alipoachia, inajaribu kuionyesha barua yote ya miaka sita kwenye kile kidirisha cha pembeni cha kusomea, inavuta mihuri na picha mpaka pumzi inakatika. Programu haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imebebeshwa. Mama Kasuku aliposikia neno hilo alijikuta anasogeza mkono mgongoni kwake.

Dawa ilikuwa nyepesi kuisema: kukifunga kidirisha cha kusomea, ili programu ifunguke bila kuitazama ile barua. Lakini kitufe chake kilikuwa ndani ya programu, na programu ilikuwa hai kwa sekunde arobaini tu, tena ikiwa inakokota miguu, menyu moja inachukua sekunde kumi kushuka. Mama Daftari hakuweza kuangalia saa na kioo kwa pamoja. Akamuuliza Kasuku kama anajua kuhesabu.

Kasuku alisema anajua mpaka ishirini. Akaambiwa basi ahesabu ishirini mara mbili, bila haraka, na katikati asiseme kitu kingine chochote. Hilo la mwisho mama yake aliona ndilo gumu kuliko yote.

Saa saba na dakika ishirini wakajaribu. Kasuku akahesabu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika meza. Kumi na mbili, menyu bado. Ishirini, menyu imeshuka. Akaanza tena. Kwenye nane kishale kikafika kwenye neno lenyewe, kwenye kumi na tano orodha ndogo ikaanza kutoka, na kwenye kumi na tisa kioo kikafifia. Ikajifunga.

Mara ya pili Karani mwenyewe alikosea njia kwa kumwonyesha Mama Daftari upande usio sahihi. Mara ya tatu Mama Daftari alifumba macho kwanza, akapitisha kipanya hewani mara mbili tatu kama mtu anayejikumbusha wimbo. Mama Kasuku akafikiria vile vishubaka mia mbili na arobaini. Kisha akafungua. Safari hii hakungoja menyu ionekane. Alibonyeza pale alipojua itakuwa, kisha akabonyeza mahali pengine, pale alipojua orodha ndogo itatokea. Kasuku alikuwa kwenye ishirini ya pili, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane.

Kidirisha cha pembeni kikatoweka.

Kasuku akafika ishirini, akawatazama wakubwa, hakuna aliyemwambia anyamaze, akaanza ishirini ya tatu. Akaimaliza. Programu ilikuwa wazi. Barua zote zilikuwa zimejipanga, nyeusi na nyeupe, kimya.

Mkuu alisema wafute lile dubwana mara moja. Mama Daftari akakataa. Alitengeneza folda, akaihamishia ile barua ya miaka sita humo bila kuifungua, kwa heshima zote. Kisha akaandika kwenye sehemu ya kutafuta jina la mpimaji, na barua kumi na mbili zikatoka moja baada ya nyingine. Ya saba ilikuwa ya Kasuku. *Goti hadi sakafu, sentimita ishirini na saba na nusu.* Mama Kasuku aliisoma mara mbili. Alikuwa hajui kwamba mtoto wake ana urefu unaoandikwa.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Mama Daftari akabonyeza barua mpya. Ukurasa mtupu ukafunguka, na juu kabisa mstari mtupu wa anwani. Akasimama, akamsogezea Karani kiti.

Karani hakukaa. Akasema aandike yeye, fundi. Mkuu naye akasema aandike yeyote, muda unakwenda. Mama Daftari akasema kazi yake imeishia hapo, barua ni ya Karani, na kesho kutwa yeye hatakuwepo.

Mama Kasuku alikasirika, na baadaye aliona haya kwa hasira hiyo. Dakika zilikuwa za mwanawe. Kwa nini mama huyu asiandike tu yaishe? Lakini alimwona Karani alivyoutazama ule mstari, na akajua hofu ile. Ndivyo yeye alivyokuwa akiitazama sahihi yake kabla ya kuitia, kila mahali, akiogopa wataona mwandiko wa darasa la saba.

Karani akakaa. Mama Daftari akaitafuta barua ya kwanza kabisa iliyotoka kiwandani, ya kabla ya majibu kuanza kurundikana, fupi, isiyo na mzigo, akainakili anwani kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kisha akampa Mama Kasuku ile karatasi.

"Msomee herufi moja moja. Akishaandika, na yeye akusomee. Posta tulikuwa tunafanya hivi na vifurushi vya thamani. Mtu mmoja hamalizi peke yake."

Basi mama akasoma. Alijikwaa kwenye herufi tatu za kwanza, halafu akazoea. Kila herufi Karani aliipiga kwa kidole kimoja, polepole kama anayetia uzi kwenye sindano. Walipofika mwisho akamrudishia kwa sauti, herufi kwa herufi, naye akafuata kwa kidole kwenye karatasi. Kwenye ya tisa akamsimamisha.

"Umeweka *m*. Hapa ni *n*."

Karani aliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Uso ulimshuka. Mama Daftari hakusogea. Ni Mama Kasuku aliyesema, kwa sauti anayoitumia mtoto akimwaga uji, kwamba si ndiyo maana wako wawili, afute tu aweke nyingine. Karani akafuta. Akaweka nyingine. Wakarudia kusoma tangu mwanzo, wote wawili, mara mbili.

Vipimo kumi na viwili viliingia kwa mtindo huo huo. Mkuu alileta kiti akakaa, kisha, pasipo kuombwa, akaanza kusoma majina huku Karani akiandika, na hakuongeza utani hata mmoja. Saa nane na dakika arobaini na sita Karani akabonyeza kutuma. Programu ikafikiri. Ikatuma. Haikujifunga.

Kiwanda kilijibu saa tisa kasoro dakika tano, sentensi mbili. Orodha imepokelewa, watu kumi na wawili, vifaa vitafika baada ya wiki tano. Karani aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, halafu akamgeuzia kioo Mama Kasuku ajionee. Wiki tano. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, ikaangukia ndani ya muda aliopewa na mkunga, kwenye ukingo wake. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Alitaka kumshukuru Mama Daftari. Aliishia kumwuliza kwa nini hakuandika yeye, maana angewahi. Mama Daftari alikuwa anavaa viatu. Akasema angewahi ya leo tu. Kisha akauliza kama kuna maji ya kuoshea kikombe.

Kasuku alirudi mgongoni. Mama alipofika mlangoni aligeuka kuaga, akakuta Karani hajamsikia. Alikuwa amefungua ukurasa mwingine mtupu, barua ya kumshukuru mpimaji, na kidole chake kilikuwa juu ya kibodi kinatafuta herufi ya kwanza. Mama Daftari alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo, anatazama uwanja uliokuwa hauna kitu cha kutazama, ili asije akamsaidia.